Kwa Hisani ya Nani?

Katika lugha yetu hisani ni wema utendwao pasipo kudai malipo. Jirani akimtunza mgonjwa asiye na ndugu, au kijana akimbebea mzee mzigo wake mpaka mlangoni, twasema ametenda hisani. Na endapo kesho yake atarudi kudai ujira, ule wema hutoweka likabaki deni. Mdhamini naye ni mtu aliyekubali kujifunga kwa ajili ya mwenziwe: mshitakiwa akitoroka, mdhamini ndiye atakayeitwa mbele ya hakimu. Maneno haya mawili yana uzito, na wazee wetu hawakuyatumia ovyo. Lakini kila jioni, tuketipo mbele ya televisheni, twaambiwa kwamba kipindi tunachokitazama kimetufikia "kwa hisani ya" kampuni fulani, na kwamba kampuni hiyo ndiyo "mdhamini mkuu". Tukiuliza hisani hiyo ni ipi, hatupati jibu, kwa maana kampuni imelipa fedha na imepata kile ilichokilipia. Tukiuliza imemdhamini nani, na kwamba mambo yakiharibika itaitwa mbele ya hakimu gani, hatupati jibu pia. Hiyo ni biashara, na biashara si dhambi. Kuiita hisani ndiko tunakokupinga katika makala haya, pamoja na tabia iliyoota chini ya kivuli cha maneno hayo: tabia ya kulipenyeza tangazo ndani ya mchezo, ndani ya mashindano, ndani ya ngoma na hata ndani ya mafunzo, hivi kwamba mtazamaji hajui tena ni wakati gani anasimuliwa na ni wakati gani anauziwa.

Na tuanze na biashara iliyo wazi, tusije tukadhaniwa kwamba tunamchukia mtu kwa sababu anauza. Kirumba, katika jiji la Mwanza, pana soko ambalo watu wengi wa Kanda ya Ziwa huliita Mwaloni tu, kana kwamba Ziwa zima halina mwalo mwingine. Hapo ndipo dagaa na samaki wakavu kutoka visiwani hushushwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa mikoa mingi na wa nchi za jirani, Kongo ikiwamo. Mwuzaji wa Mwaloni hunadi. Hupaza sauti, husifu dagaa wake kwamba ni wakavu, ni weupe, hawana mchanga. Na aghalabu hutia chumvi katika sifa hizo. Mnunuzi hamkasirikii. Anajua kwamba anayesema ni mwuzaji, kwa hiyo hutumbukiza mkono mpaka chini ya gunia, mahali mchanga unapojikusanya, kisha ndipo huzungumza bei. Silaha ya mnunuzi ni kule kujua kwamba anauziwa. Mtu asiyejua kwamba anauziwa hatumbukizi mkono guniani.

Tangazo la televisheni linalokuja katikati ya kipindi, lenye wimbo wake na sabuni yake, ni ndugu wa mnadi wa Mwaloni. Huenda likatuudhi, huenda hata likasema uongo, lakini limevaa nguo zake lenyewe. Mtoto wa darasa la tano hulitambua. Huondoka akanywa maji, akarudi kipindi kikiendelea. Liko tangazo la namna ya pili ambalo halingoji nafasi ya matangazo. Mhusika wa mchezo, yule tunayempenda, hufungua jokofu akatoa chupa ambayo jina lake limegeuzwa kutuelekea sisi. Mtangazaji wa mahojiano huwekewa mbele yake kikombe chenye nembo, naye hanywi. Mchekeshaji hutuma fedha kwa simu na kulitaja jina la mtandao mara tatu katika sentensi moja, jambo ambalo hatujamsikia mtu yeyote mwenye akili timamu akilifanya nyumbani kwake. Chupa imelipiwa, kikombe kimelipiwa, na ile sentensi imelipiwa. Mtazamaji peke yake ndiye asiyeambiwa.

Historia ya jambo hili ni ndefu kuliko historia ya televisheni katika nchi nyingi. Katika miaka ya 1930 watengenezaji wa sabuni wa Marekani, kampuni ya Procter & Gamble ikiwa mbele, waligharamia michezo ya kila siku ya redio kwa ajili ya akina mama waliokuwa nyumbani wakifua na kupika; ndiyo sababu mpaka leo watu wa huko huziita tamthilia za namna hiyo michezo ya sabuni. Mwaka 1982 ikatoka filamu ya E.T., ambamo mtoto humvuta kiumbe aliyetoka sayari nyingine kwa kumdondoshea peremende za Reese's Pieces za kampuni ya Hershey. Kampuni ya Mars ilikuwa imefuatwa kwanza kwa ajili ya peremende zake, ikakataa. Filamu ilipoonyeshwa, mauzo ya zile za Hershey yalipanda kwa kasi, na wenye viwanda dunia nzima wakapata somo ambalo hawajalisahau: kiumbe mmoja wa hadithi, akipendwa na watoto, hufanya kazi isiyowezwa na wanadi mia.

Wala tusijidanganye kwamba tabia hii tumeletewa jana na wageni. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Idhaa ya Biashara, na vipindi vyake vingi vilibeba majina ya wenye bidhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kiwanda cha nguo cha Urafiki kiliunda bendi yake, Urafiki Jazz, ambayo kazi yake mojawapo ilikuwa kuzitangaza khanga na vitenge vya kiwanda, na nchi nzima ilicheza. Kule Kinshasa viwanda vya bia vilipata kugawana wanamuziki mashuhuri kama watu wanavyogawana mashamba: Werrason upande wa Primus, JB Mpiana upande wa Skol, na desturi ya wanamuziki wa Kongo ya kuyataja majina ya matajiri ndani ya wimbo, ili matajiri hao watoe fedha, imekuwa biashara yenye bei yake. Tunaitaja Urafiki Jazz kwa sababu inatuonyesha mpaka ulipo. Jina la bendi lilikuwa ndilo jina la kiwanda. Aliyecheza alijua anachezeshwa na nani, na kiwanda chenyewe kilikuwa mali ya umma. Mnadi alikuwa amejitambulisha.

Televisheni iliingia nchini kwa njia mbili. Zanzibar ilianza mapema, mwaka 1973, tena kwa picha za rangi wakati nchi nyingi za Afrika hazijaziona. Bara ilisubiri miaka ishirini na zaidi, kwa kuwa Serikali ilikiona chombo hicho kuwa ni anasa katika nchi ambayo vijiji vyake vilikuwa vikingoja maji na madarasa. Mlango ulipofunguliwa, ulifunguliwa kwa Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993, iliyoruhusu vituo vya watu binafsi, na mwaka 1994 vituo vya ITV na DTV vikawa hewani. Yafaa mwanafunzi wa historia aitazame tarehe hiyo kwa makini. Televisheni ya Bara ilizaliwa katika biashara huria. Haijapata kuishi hata siku moja bila kumhitaji mtangaza bidhaa. Hata kituo cha umma kilichofuata kimekuwa kikiuza nafasi za matangazo. Mwanza nayo ikapata kituo chake, Star TV, na humo kikatokea kipindi cha vichekesho cha Futuhi kilichotuthibitishia kwamba watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kwenda Dar es Salaam ili kuichekesha nchi. Uwezo wa kutunga tunao. Swali letu ni nani anayeununua uwezo huo, na kwa masharti gani.

Tuchukue mifano miwili iliyotazamwa sana katika Afrika Mashariki. Wa kwanza ni mashindano ya uimbaji ya Tusker Project Fame, yaliyoanza mwaka 2006, ambayo yaliwakusanya vijana wa nchi zetu katika chuo cha muziki kilichoonyeshwa kwenye televisheni. Mshindi wa kwanza alikuwa Valerie Kimani wa Kenya. Hakuna aliyeficha kwamba Tusker ni bia. Jina lilikuwa mbele ya macho. Lakini hapo ndipo werevu ulipo. Bia haikutangazwa ndani ya mashindano. Mashindano yenyewe yalikuwa ni bia. Gazeti lililotaka kumpongeza mshindi halikuweza kumpongeza bila kuitaja, na mzazi aliyemkataza mwanawe ulevi hakuweza kumruhusu atazame kuimba bila ya kumruhusu alitamke neno hilo mara kumi kwa jioni moja.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu una manufaa ndani yake. Tangu mwaka 2012 kumekuwa na kipindi cha Shamba Shape Up, kilichotengenezwa Kenya na kurushwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Watangazaji humtembelea mkulima mdogo, huona banda lake la kuku linavuja na mahindi yake yana wadudu, nao hulitengeneza shamba lake mbele ya kamera. Kipindi kimewafaa wakulima wengi, nasi hatubishi. Ila gharama zake huchangiwa na wafadhili na makampuni ya pembejeo, na bidhaa za wachangiaji huonekana mikononi mwa wataalamu, zikinyunyizwa na kulishwa mifugo. Mkulima wa Magu au wa Kwimba anayekitazama humwona mtaalamu kama alivyomwona bwana shamba wa zamani: mtu aliyetumwa na Serikali, asiyepata senti kwa dawa anayoitaja. Bwana shamba aliweza kusema, "Usinunue dawa yoyote, palilia mapema." Je, kipindi kilicholipiwa na mwuza dawa kitaweza kuisema sentensi hiyo? Pengine kitaweza. Lakini mkulima ana haki ya kujua nani amelipa kabla hajaamua kuamini, kama mnunuzi wa dagaa alivyo na haki ya kulifungua gunia.

Sasa turudi Mwanza, kwa maana huko tangazo la kujipenyeza limekuta uwanja uliokwisha kulimwa. Wasukuma tangu karne ya kumi na tisa wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake husimuliwa kuwa ni waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Vyama hivyo vikishindana, ngoma mbili hupigwa kwa wakati mmoja, upande huu na upande huu, na watazamaji huwa huru kwenda watakako. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mashindano hayo huonekana mpaka leo katika sikukuu ya Bulabo, huko Bujora, Kisesa. Hakuna jaji anayeandika alama. Umati wenyewe ndio alama. Na kwa kuwa umati ndio tuzo, wachezaji wametafuta kila mbinu ya kuuvuta: nyoka hai, fisi waliofugwa, vikaragosi, na dawa za mvuto ambazo mganga wa chama huzitengeneza kwa siri. Msomaji asicheke. Ofisi za matangazo za mijini zina waganga wao pia, wenye kompyuta badala ya vibuyu, na wanalolitafuta ni lile lile. Tofauti iko hapa: Bagika wakiuvuta umati, huuvuta waje kuwatazama Bagika. Hawauvuti ili wakauuze kwa mtu wa tatu.

Mtu wa tatu alikuja. Tanzania Breweries hutengeneza bia iitwayo Balimi, neno ambalo kwa Kisukuma maana yake ni wakulima. Tazama jinsi jina lilivyochaguliwa: wakulima, ambao jasho lao limeijenga Kanda ya Ziwa kwa pamba na mahindi, wamekuwa nembo ya chupa. Katika miaka ya 2010 bia hiyo ilitoa jina lake kwa mashindano ya mitumbwi ya Kanda ya Ziwa, fainali zikifanyika Mwaloni, Kirumba. Na kwa mashindano ya ngoma za asili vilevile. Kupiga kasia ni kazi ya wavuvi wetu tangu enzi na enzi. Kushindana kwa mitumbwi hakukubuniwa na kiwanda. Lakini habari zilipotangazwa, hazikusema kwamba wavuvi wa Ziwa wameshindana. Zilisema kwamba Balimi Boat Race imefana. Jina la kazi yao halikuwamo. Mtoto wa Kirumba aliyesimama ufukweni siku hiyo, baba yake akiwa ndani ya mtumbwi, alijifunza kwamba utamaduni wa baba yake unaonekana kwenye televisheni pale tu unapovishwa fulana ya bia. Yatakapokuja kuandikwa mashairi juu ya mashindano hayo, sijui mshairi ataliweka wapi jina hilo katika mizani. Tusamehewe mzaha.

Umbali mfupi kutoka Mwaloni upo uwanja wa CCM Kirumba. Hapa tuwe wakweli: hata uwanja huo una jina la mwenye mali, na hakuna aliyedanganywa kwa hilo. Katika mji huu iliinuka timu ya Pamba, iliyotwaa ubingwa mwaka 1990 ikiwa na jina la zao ambalo wakulima wa mkoa walililima kwa mikono yao. Jina lile nalo lilikuwa tangazo la aina yake, lakini lilimtangaza mtazamaji kwake mwenyewe. Leo ligi ambayo timu zetu hucheza haitajwi kwa jina lake tupu. Kwa miaka mingi ilikuwa Ligi Kuu ya Vodacom. Tangu mwaka 2021 ikawa Ligi Kuu ya NBC. Mtangazaji wa mpira halazimiki kusimama ili asome tangazo. Kila atajapo ligi, tangazo limesomwa.

Kuna jambo zito kuliko jina la benki au la mtandao wa simu, ambao angalau humwuzia mtu kitu anachoweza kukishika au kukitumia. Mwaka 2017 Simba na Yanga, watani wa jadi ambao familia nzima hugawanyika kwa ajili yao, waliingia mikataba na kampuni moja ya kubashiri matokeo, SportPesa. Watani wakavaa jina moja kifuani. Mwezi Julai mwaka huo huo Everton ya Uingereza ililetwa Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia ya Kenya. Wayne Rooney alifunga, Everton ikashinda kwa mabao 2 kwa 1, na Taifa zima likafurahi kwamba mchezaji mashuhuri duniani amekanyaga nyasi zetu. Je, tuliyatazama mavazi? Everton ilivaa jina la SportPesa, na Gor Mahia ilikuwa timu ya SportPesa vilevile. Mpira ukiwa kwa huyu au kwa yule, mshindi alikuwa amekwisha kujulikana. Dakika tisini za kandanda zilikuwa ni dakika tisini za tangazo, na hatujasikia mtu akiziita hivyo. Mwaka 2022 Simba ilihamia kampuni nyingine, M-Bet, yenye kazi ile ile.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili hakubaliwi kuingia mlangoni. Lakini anakubaliwa, tena anahimizwa na ndugu zake wote, kuvaa jezi ya timu yake, yenye jina la kampuni iliyoko nyuma ya mlango huo. Huyo hajaona tangazo la kamari; ameona Simba, ameona Yanga. Akitimiza miaka 18 jina lile halitakuwa geni kwake, litakuwa kama jina la mjomba. Sisi tulio walimu tunaijua nguvu ya jina lililozoeleka kabla ya akili kukomaa, maana ndiyo nguvu tunayoitumia kufundishia hesabu za kuzidisha. Wapo wazee watakaokumbuka kwamba katika nchi zetu iliuzwa sigara iliyoitwa Sportsman, yaani mwanamichezo. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, mkataba unaozitaka nchi wanachama kuzuia matangazo na udhamini wa sigara. Ikiwa tuliona hatari ya moshi uliojificha ndani ya mchezo, ni ajabu kwamba hatujaiona hatari ya karata iliyojificha humo humo.

Watetezi wa mfumo huu wana hoja, na hoja ya kwanza ni ya fedha. Husema: bila ya makampuni, timu za Mwanza zingesafiri na nini, na televisheni ingewalipa waigizaji kwa nini? Hoja hii si ya kupuuzwa. Mkataba wa mwaka 2021 uliompa Azam Media haki ya kuionyesha Ligi Kuu kwa miaka kumi ulitajwa kuwa na thamani ya shilingi bilioni 225.6, fedha ambazo hakuna harambee ya wapenzi wa mpira ingezikusanya. Sisi hatusemi fedha zirudishwe. Twasema kwamba fedha zinazoingia kwa jina la hisani hazina mkataba na mtazamaji, na huondoka kama zilivyokuja. Kenya iliyaona hayo mwaka 2019: kampuni ile ile ya SportPesa, ilipogombana na serikali juu ya leseni na kodi, ilijitoa katika udhamini, na timu kubwa kama Gor Mahia na AFC Leopards zikaachwa zikihangaika kulipa mishahara. Mdhamini wa kweli huitwa mtu anapotoroka. Huyu alitoroka mwenyewe.

Hoja ya pili husema kwamba mtazamaji si mjinga, anajua. Wanaosema hivyo watueleze basi kwa nini kampuni hulipa ili chupa iwe mkononi mwa mhusika, wakati ingeweza kulipia tangazo la kawaida. Hulipia kwa sababu mtazamaji hajilindi wakati anapopenda. Ushahidi wa jambo hili tunao hapa nyumbani, na umetoka katika kazi njema. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliobeba mafunzo ya uzazi wa majira na kujikinga na UKIMWI. Humo alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, ambaye mwisho wake uliwafundisha wasikilizaji zaidi ya mabango yote ya hospitali. Wataalamu walitaka kupima nguvu ya hadithi. Kwa hiyo kwa muda wa miaka miwili ya kwanza mchezo huo haukurushwa katika eneo la Dodoma, ili watu waliousikia walinganishwe na wasiousikia. Tofauti ilionekana: waliousikiliza walielekea zaidi kuzifuata njia za uzazi wa majira. Basi hadithi hugeuza mwenendo wa watu. Chombo kilichoweza kumfanya mume aende kliniki na mkewe kinaweza pia kumfanya mwanawe aende kwenye duka la kubashiri.

Na hapa yatubidi tuseme neno ambalo baadhi ya wenzetu hawatalipenda. Kanuni tunayoidai kwa mwuza bia lazima tuidai pia kwa mwenye nia njema. Tamthilia ya televisheni ya Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012 na ambayo picha zake za Bagamoyo ni miongoni mwa picha nzuri zilizowahi kupigwa nchini, ilitengenezwa kwa fedha za Serikali ya Marekani kwa ajili ya mafunzo ya afya. Mafunzo yenyewe tunayakubali. Lakini mtunzi aliyelipwa ili mhusika wake ajifunze jambo fulani ni mtunzi aliyelipwa, awe analipwa na balozi, na kiwanda, au na wizara. Serikali zetu wenyewe zimepata kuutumia wimbo na ngonjera kupitisha siasa zake, nasi wengine tulizikariri shuleni. Hatuoni aibu kwa hilo, kwa kuwa ngonjera ya siasa ilisema wazi kuwa ni ya siasa. Mtazamaji aambiwe, kisha apende mwenyewe.

Kudai hivi si kudai miujiza. Marekani, nchi ambayo hakuna atakayeishitaki kwa kuuchukia ubepari, sheria yake ya mawasiliano ya mwaka 1934 humtaka mwenye kituo ataje nani amelipia kipindi. Uingereza ilikataza bidhaa kupandikizwa ndani ya vipindi vyake mpaka mwezi Februari 2011. Iliporuhusu, iliamuru herufi P ionyeshwe kwenye kioo mwanzoni na mwishoni mwa kipindi, na bado ikakataza sigara, pombe na kamari zisiingizwe kwa njia hiyo, na ikaviondoa kabisa vipindi vya watoto. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania inayo kamati ya maudhui. Kamati hiyo imepata kuadhibu vituo kwa lugha chafu na picha zisizofaa. Na ishughulike pia na chupa iliyogeuzwa.

Baraza la Kiswahili la Taifa nalo lina kazi hapa, na kazi hiyo haigharimu hata shilingi. Neno "hisani" lirudishwe kwa wanaolistahili. Kipindi kilicholipiwa kiandikwe "kimelipiwa na", na bidhaa iliyowekwa ndani ya mchezo kwa malipo itajwe hivyo mwanzoni, kwa Kiswahili cha kawaida kinachosomeka hata na mama anayekaanga samaki huku akitazama. Wahariri wa magazeti waweza kuanza hata kabla ya amri yoyote: ligi iitwe Ligi Kuu, mashindano ya mitumbwi yaitwe mashindano ya mitumbwi, na jina la mlipaji liwekwe mwishoni mwa habari, mara moja.

Kwa upande wa walimu wa sekondari, tunapendekeza zoezi la wiki moja katika somo la Kiswahili au la Uraia. Kila mwanafunzi achague kipindi kimoja, au mechi moja, akae na daftari, na aandike kila jina la bidhaa analoliona au kulisikia nje ya muda wa matangazo: lilipoonekana, nani alilishika, nani alilitamka, na je, hadithi ingeharibika kama lisingekuwapo. Wanafunzi wawili watazame kitu kimoja bila ya kuonyeshana madaftari. Hesabu zao zikitofautiana, na bila shaka zitatofautiana, mwalimu asiseme nani yuko sahihi. Awaache wabishane juu ya yale ambayo mmoja aliyaona na mwenziwe hakuyaona.